Siagi ya Myrtle Garrity

Myrtle Garrity alikuwa mwanamke wa kusema "najua" hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza, na ukija kwenye mambo ya tanuri, alikuwa anajua kweli. Pale Gulgarra, mji wa barabara moja na vumbi la kutosha miji kumi, hapakuwa na harusi wala matanga yaliyofanyika ukumbini bila sahani yake kuwepo mezani, jina lake limebandikwa chini kwa plasta ili irudi kwa mwenyewe. Skonzi zake za boga zilikuwa zinaisha kabla kasisi hajamaliza dua. Keki zake za sponji zilikuwa juu hivi, na akisema sponji iko tanurini, hata mumewe alinyata.

Lakini keki iliyompa kiburi hasa ilikuwa ya hadhi ya chini kuliko zote. Ilikuwa keki ya zabibu kavu, nzito, nyeusinyeusi, ya kukatwa vipande kama matofali na kuliwa na chai katikati ya kazi. Wanyoaji wa kondoo huiita brauni, na bila hiyo hawanyoi. Mume wake, Clem Garrity, alikuwa mpishi wa wanyoaji, na brauni ya Clem ilijulikana katika kila banda la kondoo kando ya mto ule. Na nani aliyemfundisha Clem? Myrtle. Jikoni kwake mwenyewe, kwenye jiko la kuni, kwa mkono wake, na kwa siagi nzuri ya njano. Kila msimu ukiisha Clem alirudi nyumbani, akavua buti mlangoni, akasema maneno yaleyale: "Wanakusalimia, Myrt. Keki yako wameimaliza mpaka makombo." Miaka kumi na mmoja alimwambia hivyo, na miaka kumi na mmoja Myrtle aliyaweka maneno yale moyoni kama medali.

Clem akafa mwezi wa pili, mwaka elfu moja mia tisa na sitini na moja. Kifua kilimbana siku tatu tu. Walipomaliza kumzika, dada yake Myrtle aliyekuwa akiishi Sydney akaanza kuandika barua: njoo, kuna chumba cha nyuma, dirisha lake linatazama ukuta lakini kina hewa. Myrtle akazisoma zile barua, akaziwashia jiko. Mwezi wa saba akaenda kwa bwana mwenye kandarasi ya unyoaji akamwambia, "Nafasi ya Clem naitaka mimi."

"Mwanamke? Kwa wanyoaji?"

"Kwani wanakula kwa nini, wenzetu? Si kwa mdomo?"

Yule bwana hakuwa na mpishi mwingine, na msimu ulikuwa umeshaanza kugonga mlango. Akamchukua.

Sasa, wanyoaji wana mila zao, na usicheze nazo. Mwanamke akikaribia banda, anayemwona kwanza hupiga kelele, "Mabata bwawani!" ili wenzake wafunge midomo waache matusi. Kondoo wakilowa mvua, hawanyolewi mpaka wanaume wapige kura ya siri kwamba wamekauka, maana wanaamini manyoya mabichi yanawatia ugonjwa. Karatasi zinatiwa kwenye kofia, zinahesabiwa, basi, hata mwenye kondoo hana la kusema. Na mpishi naye yuko chini ya kofia hiyohiyo. Wakichoka naye, wanapiga kura, na akishindwa anafunga virago siku ileile. Mpishi aliyepigiwa kura hapati banda lingine kwenye mto mzima. Habari zinafika kabla yake.

Myrtle alilijua hilo vizuri. Alikwenda hivyohivyo, na makopo ya kutosha ya siagi, maana alisema moyoni: Clem aliwapa keki nzuri, mimi nitawapa keki nzuri zaidi.

Banda lilikuwa Wirrabilla, ng'ambo ya kijito kinachokauka miaka miwili na kufurika wa tatu. Wanaume walikuwa kumi na mmoja. Mkubwa wao kwa mdomo alikuwa Reg Hallam, mnyoaji mwepesi kuliko wote, mwakilishi wa wenzake na mlinzi wa ile kofia. Na mkubwa wao kwa umri alikuwa Wal Tindale, mfunga marobota ya sufu, rafiki wa Clem tangu ujana, ambaye alimwita Myrtle shemeji na hakuthubutu kumwita vingine.

Siku ya kwanza Myrtle alitoa brauni ya siagi, laini, yenye harufu ya mdalasini. Reg akamega, akatafuna, akatazama juu kana kwamba anatafuta kitu darini.

"Tamu, Bi Mkubwa," akasema. "Lakini siyo."

"Siyo nini?"

"Siyo ya Clem."

"Clem nimemfundisha mimi!" Myrtle akasema, na mwiko mkononi.

Reg akawakonyeza wenzake. "Aa, kila mjane ndiye aliyemfundisha mumewe."

Walicheka, na kicheko kile kilimkata maini. Angekuwa mtu mwingine angelia. Myrtle hakulia. Alirudi jikoni, kesho yake akaongeza siagi. Keshokutwa akaongeza tena, na mayai mawili juu yake. Kila alipozidi kuitengeneza, ndivyo nyuso zilivyozidi kununa. Keki ilikuwa inamomonyoka mikononi mwao, makombo yanaingia kwenye kikombe, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hii ni keki ya kunywea chai na mke wa gavana. Lo, Myrtle alisikia! Akajiambia hawa ni washenzi, hawajui kizuri. Wala hakufikiri hata mara moja kwamba huenda yeye ndiye asiyejua kitu.

Halafu mvua ikaja. Siku ya kwanza kofia ilipita: kondoo wamelowa. Siku ya pili, wamelowa. Siku ya tatu kijito kilivunja kingo na barabara ikapotea. Wanyoaji wasiokuwa na kazi ni watu wabaya sana kuwalisha. Wanakula kwa sababu hawana la kufanya, kisha wanalalamika kwa sababu hiyohiyo. Nyama ilikuwa ngumu. Chai ilikuwa nyepesi. Kila mjadala ulianzia kwenye karata na kuishia kwenye keki.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, Reg aliingia jikoni na kofia yake mkononi. Angalau alikuwa na haya ya kuangalia chini.

"Bi Mkubwa, vijana wameomba kura."

"Ya kondoo?"

"Yako."

Myrtle alikiona kile chumba cha Sydney, akauona ukuta wake, akajiona ameketi kitandani anasubiri kuitwa kula. Lakini alimaliza kwanza kufuta sufuria aliyokuwa nayo, akaitundika, ndipo akasema, "Pigeni. Mimi sikimbii kofia."

Wakapiga. Sita walitaka aondoke, watano abaki. Wal aliyasikia matokeo akatoka nje kwenye mvua bila koti.

"Samahani, Bi Mkubwa," Reg akasema. "Mila ni mila."

"Mila ni mila," Myrtle akaitikia, akavua aproni, akaikunja mara nne. "Na mila inasema nipande gari la barua leo jioni. Liko wapi hilo gari?"

Wote walijua gari liko upande wa pili wa kijito, na kijito kiko juu ya daraja.

"Basi mimi ni mgeni hapa mpaka maji yapungue," akasema, akavuta kiti, akaketi kichwani pa meza mikono juu ya mapaja. "Chakula cha jioni ni saa ngapi? Nataka kujua, nisichelewe."

Jamani! Wanaume kumi na mmoja walitazamana kama kondoo kwenye kona. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Mwisho Reg akasema, "Wal! Wewe umekaa jikoni na Clem misimu kumi na mmoja. Utakuwa umeona kitu."

"Nimeona," Wal akasema mlangoni, maji yakimtiririka. "Kuona na kupika ni mambo mawili, bwana. Mimi ni mtu wa marobota."

Lakini walimsukuma, akaingia.

Siku mbili zile Myrtle alikula kama malkia aliyefungwa. Kila mlo alifika kwa wakati, nywele zimechanwa, akatandika kitambaa mapajani. Viazi vilikuwa vibichi katikati. Mkate ulikataa kuumuka, wakala dampa, ule mkate wa majivuni wa watu waliopotea njia. Myrtle aliomba chumvi kwa adabu, akashukuru, akarudi kufuma soksi. Kumtazama vile kuliwauma wanaume kuliko kama angetukana.

Asubuhi ya tatu jua lilitoka, na Wal akajitutumua kupika brauni. Ilikuja mezani ngumu, imepasuka juu, kando imeungua. Reg aliigonga meza nayo ikalia ko! Wakacheka, Wal masikini akawa mwekundu mpaka shingoni. Myrtle alikata kipande kwa taabu, akachovya kwenye chai, akatia mdomoni kwa heshima ya mzee tu.

Akaacha kutafuna.

Chini ya ule ugumu na ule moshi kulikuwa na ladha. Nzito, ya nyama kidogo, yenye uchungu mdogo wa chai, zabibu zimenona. Aliijua. Aliijua kutoka wapi? Kutoka kwenye koti la Clem. Kila aliporudi nyumbani na kumkumbatia pale mlangoni, koti lake lilikuwa na harufu hii, naye miaka yote alidhani ni harufu ya kondoo.

Akainuka, akamfuata Wal jikoni, akafunga mlango.

"Shemeji. Umetia nini humu?"

"Nimeharibu, najua, usiniseme na wewe."

"Sikuulizi umeharibu nini. Nakuuliza umetia nini."

Wal akaangalia buti zake. "Mafuta ya kondoo. Na chai ya rangi iliyolala kwenye birika. Ndivyo alivyokuwa akifanya."

"Siagi je?"

"Siagi alikuwa akiila na biskuti." Mzee akakuna sikio. "Shemeji, nilimwapia. Lakini sasa amekufa, na wewe wanakufukuza kwa ajili yake. Ile siagi yako alijaribu msimu wa kwanza tu. Joto likaiharibu wiki ya pili, na keki ikawa inamomonyoka mikononi, vijana wanakunywa makombo. Wakamletea kofia. Alipona kwa kura moja! Ndipo akachukua mafuta ya kondoo. Baada ya hapo hakuna aliyemgusa."

"Na mimi?"

"Akasema, Wal, ukimwambia Myrtle nitakuua. Anafurahi kujua wanakula keki yake. Mwache afurahi."

Myrtle akashika ukingo wa meza. Miaka kumi na mmoja! Ile medali yote ilikuwa ya bati. Hasira ilimpanda, akataka kumfufua Clem Garrity ili amwue tena. Alimwona pale mlangoni, anavua buti, macho yake makavu kabisa, anasema "keki yako wameimaliza". Mwongo mkubwa! Na mara hiyohiyo kicheko kikamtoka, kikachanganyika na machozi, akawa hajui lipi ni lipi. Clem, mtu asiyeweza kuficha hata ushindi wa karata, alimficha hili ili tu asimwone mkewe amevunjika moyo. Alimpenda sana wakati ule, pale jikoni, na alimkasirikia vilevile.

"Unalia, shemeji?" Wal akauliza kwa hofu.

"Nafikiri," Myrtle akasema, akajifuta kwa kiganja. "Wewe ndiye mpishi hapa, siyo?"

"Wamenilazimisha."

"Basi naomba ruhusa ya mpishi kuingia jikoni kwake."

Wal alitaka kumpigia magoti. Alimpa mwiko kwa mikono miwili.

Sasa hapo ndipo ungejua kwa nini Gulgarra nzima ilimwogopa Myrtle penye unga. Clem alikuwa na wazo zuri, lakini Myrtle alikuwa na mkono. Alichukua yale mafuta ya kondoo, akayachemsha kwenye maji ya moto, akayaacha kwenye ubaridi usiku kucha mpaka yakaganda juu meupe na uchafu ukabaki chini. Akayasugua ndani ya unga kwa ncha za vidole, upesi, yasipate joto la mkono. Akatia sukari guru, mdalasini, kungumanga, na tangawizi ya kukata ile ladha ya nyama. Zabibu alizichemsha kwenye ile chai iliyolala mpaka zikavimba, akatia magadi kijiko kimoja ikafanya povu, akamwaga yote bakulini. Alifungua mlango wa tanuri, akaingiza mkono, akahesabu mpaka ishirini, akaongeza gogo moja. Wal alisimama kando, amekunja kofia yake mikononi.

Asubuhi hiyo ya pili ya jua, kule nje wanaume walikuwa wameshika kondoo na kupapasa manyoya. Kofia ilipita: wamekauka. Mashine zikawashwa, banda likaanza kunguruma tena baada ya siku saba, na saa tatu na nusu kengele ya chai ililia.

"Mabata bwawani!" mmoja akapiga kelele.

Myrtle alipita katikati ya banda na sinia, Wal nyuma yake na birika. Aliliweka sinia juu ya robota la sufu, akasimama kando, mikono kiunoni. Hakusema karibuni.

Reg akachukua kipande. Hakikumomonyoka. Akauma, akatafuna, akaacha kutafuna. Akamaliza, akachukua cha pili, akakigeuza mkononi akikitazama chini na juu.

"Clem," akasema mwishowe, polepole.

"Clem hakuwahi kupika kitu kizuri namna hiyo," Myrtle akasema. "Mafuta ni yake. Mkono ni wangu. Nilisema nimemfundisha, nikasema kweli. Sikujua tu kwamba na yeye ana la kunifundisha."

Mmoja akacheka, lakini si kama siku ile. Mikono ikaanza kugombana juu ya sinia.

"Bi Mkubwa," Reg akasema, mdomo umejaa, "hebu rudi tu jikoni, yaishe."

"Thubutu! Nimetolewa kwa kofia, sirudi kwa kuambiwa rudi tu. Ilete."

"Sasa hivi?"

"Kwa karatasi, kwa siri, na isomwe kwa sauti. Mila ni mila, Reg."

Reg akavua kofia yake. Karatasi zikachanwa kwenye daftari la marobota, penseli moja ikazunguka mikono kumi na mmoja yenye mafuta ya sufu. Myrtle aliwageuzia mgongo, akatazama nje, na usifikiri hakuogopa.

"Abaki," Reg akaanza kusoma. "Abaki. Abaki. Abaki." Akaendelea mpaka mwisho, kisha akakunja uso, akazihesabu tena. "Hapana. Hapa kuna tatizo. Ziko kumi na mbili. Sisi tuko kumi na mmoja. Nani kapiga mara mbili?"

Wal akainua mkono taratibu. "Moja yangu. Moja ya Clem."

"Maiti hapigi kura, mzee!"

"Huyu ana haki," Wal akasema. "Kesi ni yake. Yeye ndiye aliyeianzisha."

Watu wote wakamtazama Reg. Alikuwa mtu wa sheria, kura yenye karatasi moja ya ziada aliitupa siku zote, hata iwe ya kondoo. Aliitazama ile karatasi ya mwisho. Kisha akazikunja zote kumi na mbili pamoja, akazitia mfukoni.

"Kumi na mbili kwa sifuri," akasema. "Bi Mkubwa, chakula cha mchana ni saa ngapi? Tusichelewe."

Myrtle Garrity alipikia wanyoaji misimu kumi na minane baada ya ule, na hakuna aliyemletea kofia tena. Kule Gulgarra wanawake walimwandama: Myrtle, tupe siri ya ile brauni inayosifiwa mtoni. Naye aliwaandikia kwa mwandiko mzuri kabisa, vikombe vitatu vya unga, kikombe cha zabibu, na siagi nzuri ya njano. Mpaka leo wanawake wa Gulgarra wanatia siagi, na wanashangaa kwa nini haiwi kama yake. Siri aliyoilinda mumewe miaka kumi na mmoja, yeye aliilinda mpaka kufa.

Lakini siku ile, wanaume waliporudi kwenye mashine zao, alirudi jikoni na sinia tupu. Tupu kasoro kipande kimoja cha pembeni, kilichokauka kidogo kwa moto, kile ambacho nyumbani Clem alikuwa akikidai siku zote. Alikaa kwenye kiti karibu na jiko, akajimiminia chai.

"Mwongo wewe," akaliambia jiko.

Akakila chote, polepole, mpaka makombo. Kilikuwa kizuri kuliko cha Clem. Kilikuwa kizuri kuliko chake cha siagi pia, tena kwa mbali, na hilo hakumwambia mtu yeyote.